Siku ya Kilo

Mizani ya kutundika ina kulabu mbili: ya juu hushika tawi la mti, ya chini humshika mtoto, na baina ya hizo mbili pana uso wa duara mfano wa saa ya ukutani, wenye mshale mwembamba ambao, mtoto akiisha kutiwa katika suruali ya kitambaa na kuning'inizwa, hutapatapa kwanza kwa sababu ya mateke na kilio chake, kisha hutulia penye ukweli. Kwa muda wa miaka sita, tangu 2007 hata 2013, kazi yangu ilikuwa kuungoja mshale ule utulie, kuitamka hesabu kwa sauti ili mama wa mtoto aisikie, na kuiandika daftarini. Nilikuwa karani wa zahanati ya magurudumu, iliyokuwa ikitoka mji wa Kolwezi, katika Katanga ya Kongo, kila mwezi kuvifikia vijiji vya upande wa Kanzenze na vya kandokando ya ziwa la Nzilo, kwa gharama za watu wa hisani walioishi ng'ambo ya bahari. Sikuwa tabibu, wala sikupata kumchoma mtu sindano. Lakini karani huketi mahali ambapo kila mtu hana budi kupita, naye huona mambo ambayo tabibu, kwa kuinama juu ya mgonjwa mmoja mmoja, huyakosa. Haya niyaandikayo ni yale niliyoyaona nikiwa nimeketi.

Mizani ile haikuwa ngeni kwangu. Nilizaliwa mwaka 1958 katika kambi ya Musonoi, baba yangu akiwa mtumishi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambayo, ilipochoka kuajiri vijana wa kukaa miezi michache na kurudi makwao, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwapa watu mikataba ya miaka mitatu na kuwakaribisha waje na wake zao. Maadamu mke amekuja, watoto watazaliwa. Na maadamu watoto wamezaliwa, kampuni iliona kuwa ni hesabu njema kuwatunza, kwani mtoto wa leo ndiye mchimbaji wa kesho. Hivyo kambi za shaba zikapata wakunga, masista, na siku maalumu ya kupima watoto wachanga, ilhali vijiji vingi vilivyozizunguka vilikuwa havijauona uso wa mizani. Mama yangu aliiita siku ile kilo, na mwanamke wa kwetu akikuambia anakwenda ku kilo, usidhani anakwenda sokoni kununua unga. Alinihadithia mara nyingi jinsi alivyokuwa akinivika fulana safi alfajiri, na jinsi mdogo wake, aliyekuja kututembelea kutoka kijijini, alivyosimama mlangoni pa nyumba ya mizani, akanitazama nikining'inia, akauliza kwa fadhaa: "Yaya, munamuuzisha?" Mama mdogo yule alizaa watoto saba, akazika wanne, na katika hao saba hakuna aliyepimwa hata mara moja.

Nimeanza na kambi kwa makusudi, kwa sababu wengi wa rika langu, wakiwakumbuka masista wale na vikombe vya maziwa, husema kwamba zamani watoto wa Katanga walitunzwa. Nami huwajibu kwamba waliotunzwa ni watoto wa ndani ya uzio, na kwamba shangazi zetu na mama zetu wadogo walikuwa nje yake. Mwaka 1967 kampuni ikawa mali ya taifa, ikaja kuitwa Gécamines, na katika miaka ya 1980 ilipata kutoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka mmoja. Kisha likaja anguko, mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, na muongo haukuisha kabla uzalishaji wote haujawa kivuli cha ule wa awali. Kati ya 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, nami nilikuwa mmoja wao. Nilitoka nikiwa na umri wa miaka 45, nina fedha zilizoyeyuka kama chumvi katika mchuzi, na akiba yangu iliyobaki ilikuwa ni vitu viwili ambavyo havikuwa na bei sokoni: mwandiko mzuri, na Kiswahili.

Sisi wa Katanga tuna Kiswahili chetu tulichonyonya kambini, na tuna kile tukiitacho Kiswahili bora, cha vitabu na cha redio za mashariki, ambacho nilikipenda tangu utotoni kama mtu apendavyo nguo ya sikukuu. Walioniajiri waliona ni bahati kumpata karani wa namna hiyo. Lakini nguo ya sikukuu haivaliwi shambani. Tulikuwa tumeletewa mabango yaliyoandikwa kwa lugha ya pwani, na moja lilieleza kwamba mama akiwa na shughuli, bibi anaweza kumleta mtoto kupimwa. Pwani bibi ni mzaa mama au mzaa baba. Kwetu bibi ni mke, na huyo mwingine ni kambo. Wanaume waliokuwa wamejipumzisha chini ya mwembe walicheka hata wakashika mbavu, na mmoja akaniuliza kwa adabu kubwa kama wazungu wa gari watamlipia mahari huyo bibi wa pili, wa kumpeleka mtoto ku kilo wakati wa kwanza yuko shambani. Nikalishusha bango, nikalikunja, na tangu siku ile nikawa nikiandika daftarini kwa lugha ya vitabu, na nikisema chini ya mwembe kwa lugha ya Musonoi. Chanjo nikaiita shindano kama waiitavyo wenyewe, wala sikujiona nimepungukiwa na kitu, kwa sababu neno lisilomfikia mama aliyebeba mtoto, hata likiwa fasaha namna gani, ni kama dawa iliyoachwa kwenye kabati.

Siku ya kilo ilianza usiku. Kabla jogoo hajawika, muuguzi wetu mkuu alitoa vipande vya barafu katika jokofu, akaviacha juu ya meza mpaka vitoe jasho, kwa maana ziko chanjo ziharibiwazo na joto na ziko ziharibiwazo na baridi kali vilevile, na zote hutaka kukaa baina ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Ndipo alipovipanga katika sanduku na chupa ndogo katikati yake, akafunga, akakataza mtu yeyote kufungua mpaka atakaposema. Tulitoka mjini pamoja na malori, tukala vumbi lao, kisha tukaiacha njia kubwa tukaingia katika miombo, tukipishana na vijana waliosukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala, yaani mkaa, marefu kuliko wao. Tulipowasili, mtu alikwenda kugonga kipande cha rimu kilichoning'inizwa nje ya kanisa dogo, na katika muda wa kuchemsha sufuria ya maji wanawake walikuwa wamekwisha kujaa, wengine wakitoka mashambani, wengine wakitoka ng'ambo ya maji kwa mitumbwi, kwani ziwa lile lililoletwa na bwawa la miaka ya 1950 limeingia katika mabonde na kuvitenga vijiji ambavyo zamani viliitana kwa sauti.

Utaratibu ulikuwa mmoja siku zote: daftari, mizani, utepe wa kuuzungushia mkono, muuguzi, shindano, na mwisho maongezi. Utepe ule una rangi tatu. Mkono wa mtoto ukiwa na mzunguko usiofika milimita 115 rangi huwa nyekundu, na hapo hata mama asiyejua kusoma hutambua kwa nini muuguzi amenyamaza. Walikuja watoto wa homa, nao wakachomwa kidole na kupimwa malaria papo hapo. Walikuja wa kuhara, na mama zao wakafundishwa kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Walikuja pia watoto waliokuwa na vumbi la kijivu hata ndani ya nywele, ambao walishinda na wakubwa wao kwenye vijito vya kuoshea mawe ya madini, na hao walinifundisha mpaka wa mizani yangu. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walieleza kwamba watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Kwa hilo hatukuwa na shindano wala kidonge, na mshale wa mizani, ambao kwa mambo mengine haukujua kuficha, ulinyamaza kimya.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba uzito mmoja hausemi kitu. Mtoto wa miezi kumi akipimwa akaonekana ana kilo 7, huwezi kujua kama ni mwembamba kwa maumbile na anapanda taratibu, au alikuwa na 8 mwezi uliopita naye anashuka kuelekea kaburini. Anayejua ni ile nukta iliyoandikwa mwezi uliopita kwenye kadi, na ile ya mwezi wa kabla yake. Kadhalika shindano. Mtoto anapozaliwa hupewa la kifua kikuu. Akifika wiki 6 hurudi, akifika wiki 10 hurudi, akifika wiki 14 hurudi, kisha husubiri mpaka mwezi wa tisa arudi tena kwa ajili ya surua na homa ya manjano, na aliyekatiza njiani hubaki na kinga ya nusu, mfano wa nyumba iliyoezekwa upande mmoja. Nilikuwa nimedhani kwamba kazi ya gari letu ni kufika. Nikiwa nimeketi na daftari langu nikaona kwamba kufika ni sehemu ndogo ya kazi hiyo, na kwamba dawa yenyewe hasa ni kurudi.

Na nchi yetu, kwa bahati mbaya, ni nchi ya vitu vinavyoondoka. Shaba huondoka kwa mabamba, kobalti huondoka kwa magunia, na malori hujipanga barabara ya Likasi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa kama siafu waliopata mzoga. Wachimbaji wa mikono, tuwaitao kwa Kifaransa creuseurs, huhama pamoja na mshipa wa jiwe, na wake zao huhama nao, na watoto waliokuwa daftarini mwangu mwezi huu mwezi ujao wakawa hawapo; fununu ikitoka kwamba jiwe limeonekana mahali fulani, mahema huota huko kwa wiki moja, na mwaka 2014, mjini Kolwezi kwenyewe, watu wa Kasulo walipojua kwamba kobalti iko chini ya vitanda vyao, walichimba ndani ya vyumba. Katika nchi ya namna hii mgeni aliyekuja na akaondoka hamshangazi mtu. Anayeshangaza ni yule anayesema nitarudi siku fulani, na siku hiyo ikafika naye akawapo.

Dawa ya kutembea si jambo jipya kwetu. Wakati wa Wabelgiji vikosi vya ugonjwa wa malale vilizunguka vijijini vikiwapapasa watu shingo, na wazee tuliowakuta walikumbuka kwamba mlio wa gari uliposikika baadhi ya watu walikimbilia porini. Na mwaka 1957, upande wa Afrika ya Mashariki, matabibu watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi huduma ya matabibu warukao kwa ndege, iliyokuja kujulikana kwa jina la AMREF. Ila mjadala uliokuja kunigusa zaidi nilipousikia ulitokea karibu nasi, huko Kasongo katika Maniema, mji wa kale wa Waswahili, ambako tangu 1971 wataalamu wa chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Antwerp na wenzao Wakongo walishughulika na vituo vya afya vya kudumu, vyenye wauguzi wakaao papo hapo. Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua, wakauliza swali lililowaudhi wengi: je, mtoto dhaifu aliyeokoka surua kwa shindano moja, hafi baadaye kwa jambo jingine? Waliowapinga walikuwa na hoja, na tafiti za miaka iliyofuata katika nchi nyingine zilionyesha kwamba chanjo ile huokoa roho nyingi kwelikweli. Lakini karani aliyeona nukta za kadi zikishuka hawezi kulisahau swali lao, kwa maana halikuwa swali la kuidharau sindano, bali la kuuliza ni nani atakayemtazama mtoto huyu mwezi ujao.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Mwezi wa Agosti mwaka 2010 klachi ya gari letu iliungua, na fedha za kulitengeneza zikachelewa kwa sababu ambazo hazina faida kusimuliwa. Ikapita Agosti, ikapita Septemba. Kuwapelekea watu habari ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na simu, na nilijua kwamba juu ya kilima cha nyuma ya kijiji kimoja mawimbi hupatikana, na kwamba kila jioni vijana hupanda huko kusikiliza jumbe zao; tena nilikuwa na wale wauza makala, waliokuja mjini kila siku na kurudi mikono mitupu, ambao kwa sigara moja wangechukua barua yangu hata mwisho wa njia. Sikupeleka neno. Nilijiambia kwamba wakiona hatuji wataelewa, nikaona haya kutangaza udhaifu wa nyumba iliyonilisha, na nikaliita hilo busara.

Tulipofika mwezi wa Oktoba, rimu ikagongwa, ikagongwa tena, na waliokuja hawakufika nusu. Hapakuwa na matusi wala malalamiko, jambo ambalo lingekuwa jepesi zaidi. Walikuja, wakapimiwa watoto wao, wakaondoka pasipo kukaa kwa maongezi. Nikahesabu daftarini majina yaliyokosekana, nikapata miongoni mwao mtoto wa kike ambaye mwezi wa Agosti alikuwa na miezi kumi na alikuwa anadaiwa shindano la surua. Nikaweka alama ya swali kando ya jina lake. Karani huweka alama ya swali kwa wepesi, kama mtu awekaye kofia juu ya msumari.

Mwishoni mwa mwaka huo surua ilianza kuenea Katanga, na mwaka 2011 ikatapakaa ndani na nje ya jimbo letu. Ilifika vijiji vya ziwa mwezi wa Februari, wakati wa mvua, mihogo ikiwa michanga na akiba za mahindi zikielekea kwisha, na watoto waliokuwa tayari na mikono myembamba hawakuwa na kitu cha kuipiga nacho. Tulifanya kazi siku za Jumapili. Muuguzi alikata kwa mkasi ncha za vidonge laini vya vitamini A na kuwakamulia watoto matone mdomoni, kwa maana surua ikimkuta mtoto aliyepungukiwa na vitamini hiyo huweza kuyashambulia macho. Yule mtoto wa alama ya swali aliletwa siku ya sita, hawezi kufungua kope. Alipona. Jicho la kushoto lilipona pia. La kulia lilibaki na utando mweupe kama ganda la yai.

Nilikwenda kwa mama yake jioni, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaanza kumweleza habari ya gari, klachi na fedha, kwa maneno mengi, kwa sababu mwenye hatia huwa fasaha. Alikuwa akisonga bukari, na hakuacha kusonga. Aliponiacha nimalize akasema, pasipo kuinua sauti: "Motokari ni chuma, Baba Karani, inakufaka. Lakini weye ulikuwa na kinywa." Kisha akaeleza jambo nililokuwa silijui: kwamba siku ile ya Agosti alivuka maji alfajiri, akangoja chini ya mwembe mpaka jua likazama, akalala kwa watu, akangoja na siku ya pili, na kwamba aliporudi, mume wake alimwambia asipoteze tena siku mbili za kupalilia kwa ajili ya watu wasiojua kusema.

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nilichokuwa nacho ni kazi ya mwezi uliofuata. Nikaomba, nami nikakubaliwa, kwamba siku ya kilo isiwe tena siku ya gari bali siku ya kijiji: Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, gari liwepo lisiwepo; na kwamba gari likishindwa, habari itangulie kwa simu ya kilimani na kwa mwuza makala, zote mbili, ili moja ikipotea nyingine ifike. Katika kila kijiji tuliomba wachaguliwe wanawake wawili wa kuhifadhi mizani na nakala ya daftari, watu ambao katika mpango wa zoni ya afya huitwa relais, na kwa bahati tulikuwa na mashangazi wenye akili kuliko karani. Penye kijiji cha mtoto yule alichaguliwa kambo mmoja asiyejua kusoma, ambaye hakutaka kalenda tuliyompa. Alichukua kipande cha kaa, akachora mstari mmoja ukutani kwake kila Jumapili, na Alhamisi iliyoahidiwa aliitia duara mapema, siku tulipoitamka. Tukija, duara lilijazwa likawa jeusi. Tusipokuja na habari imefika, lilipigwa msalaba. Na pale mwanzoni, kwa ajili ya miezi ile miwili ya kimya changu, aliacha maduara mawili matupu ambayo kila nilipoingia nyumbani mwake yalinitazama.

Ukuta ule ulinifundisha juu ya hisani kuliko ripoti zote nilizoziandika. Sote tunajua kusema kwamba ahadi ni deni. Ila sisi tulio upande wa mtoaji, kwa kuwa tumetoa dawa, barafu na mafuta ya gari, tunajihesabu kuwa wadai, na tunamwona mama aliyengoja kuwa ndiye mdaiwa wa shukrani. Kambo yule alifungua hesabu ya upande wa pili. Siku mbili za kupalilia ni mali. Nauli ya mtumbwi ni mali. Na imani ya mume anayemruhusu mkewe aondoke wakati wa kilimo ni mali kubwa kuliko zote, kwa sababu ikitumika vibaya mara moja haikopeshwi mara ya pili. Wao walitutangulia kutoa, nasi tulikula bila kuandika. Sadaka ikiisha kutolewa humwacha mtoaji huru, lakini miadi humfunga, na mtoto mchanga, kwa namna alivyoumbwa akue kidogo kidogo, haponi kwa sadaka. Hupona kwa miadi.

Mwaka 2013 muda wa fedha zetu ulikwisha. Safari hii tulisema mapema, miezi sita kabla, kijiji kwa kijiji, na nilisema mimi mwenyewe kwa kinywa changu. Mizani na nakala za daftari zilibaki kwa wale wanawake, na sanduku la baridi likapelekwa kituo cha afya kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu, ambako muuguzi wa serikali alikubali kuwangoja Alhamisi ya kwanza. Nilirudi mjini nikiwa na hofu, maana nilikuwa nimeona vitu vingi vilivyokabidhiwa kwa hotuba na vikafa kabla ya mwaka.

Sikufika huko tena mpaka Julai 2019, mwaka ule surua ilipoirudia Kongo yetu yote na ambao haukuisha vizuri, kwa kuwa hadi mwanzoni mwa 2020 waliokufa walikwisha kupita 6,000. Nilipanda pikipiki ya kukodi, nami sikukumbuka ni siku gani ya mwezi. Kabla ya kufika kijijini tulikutana na wanawake wapatao ishirini wakija kwa safu katika njia ya miguu, watoto migongoni, wakielekea kituoni. Tukasimama pembeni kuwapisha. Baina yao alikuwapo msichana wa miaka tisa au kumi, amembeba mdogo wake kwa kitenge, na kadi ya mtoto imefungwa katika mfuko wa nailoni uliochomekwa kiunoni. Alipotupita aligeuza kichwa chote ili atutazame kwa jicho la kushoto. Alikuwa na haraka, hakusalimu.

Kijijini nilimkuta kambo ameketi kizingitini. Mwembe ulikuwa bado umesimama, na juu ya tawi lile palikuwa na kovu lililokula gome, mahali kulabu ilipokuwa ikisugua. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza habari za wote niliokuja nao zamani, mmoja mmoja kwa majina. Nyuma yake ukuta ulikuwa umepakwa udongo upya zaidi ya mara moja, na mistari ilikuwa mipya, imefuatana vizuri, na duara la mwezi ule lilikuwa tayari limejazwa nusu, nusu nyingine ikingoja safu irudi jioni. Alinyosha mkono akachukua kipande cha kaa kilichokuwa katika kigae kando yake, akanigeukia.

"Utarudi lini?" akauliza.

Miaka tisa kabla ya siku ile ningalitaja mwezi, kwa kuwa ndiyo adabu ya mgeni. Nikamwambia, "Kambo, sijui." Alinitazama kitambo, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji kamili, akakirudisha kile kipande cha kaa ndani ya kigae, ukuta asiuguse.